Miwani ya Silinda Kubwa Inapogoma Kutulia Machoni: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Watu wengi wanaorudisha miwani mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huwa wamekwisha kutoa hukumu kabla hawajaketi. Mmoja husema macho yake yamezidi kuharibika, mwingine husema ameuziwa lenzi za bandia, na wa tatu, ambaye huniumiza roho kuliko wote, huwa ameifungia miwani kabatini miezi sita kwa kuamini kwamba macho yake hayana tena msaada. Ninapoipima miwani yenyewe, mara nyingi nakuta kosa si la macho. Ni fremu iliyolala upande, au lenzi iliyochaguliwa bila kuujali ukubwa wa silinda, yaani nguvu ya lenzi inayorekebisha astigmatizimu, au mhimili, yaani mwelekeo wa silinda hiyo, uliogeuka digrii chache. Nimeyapanga maelezo haya kwa kufuata malalamiko yanayojirudia, nayo yanawahusu hasa wenye silinda ya 2.00 au zaidi, kwa sababu kosa ambalo mwenye silinda ya 0.50 halihisi kabisa, kwao huharibu miwani nzima.

Astigmatizimu hutokea pale ambapo konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, haikujikunja sawasawa pande zote. Badala ya kuwa kama mpira, inakuwa kama ubavu wa yai: upande mmoja umejikunja zaidi kuliko mwingine, na mistari ya wima na ya ulalo haikutani mahali pamoja ndani ya jicho. Lenzi inayorekebisha hali hiyo ina nguvu ya ziada katika mwelekeo mmoja tu. Ndiyo maana karatasi ya vipimo huwa na namba tatu kwa kila jicho: SPH, ambayo ni nguvu ya jumla, CYL, ambayo ni silinda, na AX au AXIS, ambayo ni mhimili, yaani mwelekeo wa silinda hiyo kuanzia digrii 1 hadi 180. Namba ya tatu ndiyo ambayo wateja wengi hawaiulizii, nayo ndiyo inayoleta vilio vingi.

Mambo yasiyongoja miwani

Ukipoteza uwezo wa kuona ghafla, hata kwa jicho moja tu. Ukiona vimulimuli vya mwanga pamoja na vidoa vyeusi vingi vipya, au kitu kama pazia linaloshuka. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali na kichefuchefu, huku taa zikionekana kuzungukwa na duara za rangi. Au ukianza kuona vitu viwiliviwili vinavyokuwa kimoja unapofumba jicho lolote, achana na habari za lenzi uende hospitali siku hiyohiyo. Kwa Tanga mjini wengi huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Hakuna fundi wa miwani anayepaswa kukuuzia chochote ukiwa na dalili hizo, na akikuuzia, anakupotezea saa ambazo huenda zingeliokoa jicho.

Vipimo vya nyumbani kabla ya kulaumu lenzi

Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, ukiwa umevaa miwani, utazame maandishi ya mbali kama vile ubao wa duka lililo ng'ambo ya barabara, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jicho la pili. Mtu anayesema "miwani yote mibovu" mara nyingi hugundua hapo kwamba lenzi moja haina tatizo lolote, na kazi inakuwa imepungua nusu.

Baada ya hapo chukua kipande cha karatasi ngumu, ukitoboe kwa sindano tundu la kama milimita 1, kisha utazame maandishi yaleyale kupitia tundu hilo, miwani ikiwa bado usoni. Yakiwa wazi zaidi, tatizo kwa kawaida limo katika namba, katika lenzi au katika umbo la konea. Yasipobadilika, au yakizidi kufifia, inawezekana kasoro iko ndani zaidi ya jicho, na hapo anahitajika daktari wa macho kabla ya mtu mwingine yeyote. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nami natamani kila nyumba ingekijua.

Dalili: sakafu imeinuka na milango imelala

Bibi mmoja wa Chumbageni alirudi siku ya pili baada ya kuchukua miwani yake akaniambia, "Mwanangu, ngazi za nyumbani kwangu zimepanda, naogopa kushuka." Alikuwa anaona herufi za mbali vizuri kuliko miaka yote iliyopita, lakini hakuuamini mguu wake. Lenzi ya silinda hukuza taswira kwa kiasi tofauti katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine, hivyo meza ya mraba huonekana kama imevutwa pembeni, na ukuta huonekana kuegemea. Hali hii huwa kali zaidi mhimili unapokuwa wa mshazari, karibu na digrii 45 au 135, kuliko unapokuwa karibu na 90 au 180.

Kisababishi kinachoongoza ni ugeni tu. Ubongo huhitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili, kuizoea taswira mpya, na huzoea haraka zaidi mtu akiivaa miwani mfululizo kuliko akiivaa na kuivua. Anza nyumbani asubuhi, macho yakiwa hayajachoka, na usipande baiskeli wala kuendesha bodaboda mpaka ardhi itulie. Wakati huo usirudi kwenye miwani ya zamani, kwa sababu kila unapoirudia unaanza upya.

Kisababishi kinachofuata ni mruko mkubwa wa namba. Mtu mzima aliyevaa silinda ya 1.50 kwa miaka 10, akapewa 3.50 kwa siku moja, atateseka hata kama kipimo ni sahihi kabisa. Mpimaji mzoefu anaweza kupunguza silinda kidogo na kufidia katika SPH, kisha akaiongeza hatua kwa hatua. Hii ni sababu mojawapo ya kuomba, siku ya kupimwa, uvalishwe fremu ya majaribio yenye namba zako mpya na uruhusiwe kutembea nayo dakika kadhaa hadi mlangoni, utazame barabara, ushuke ngazi moja na kupanda. Ukiona mpimaji anafanya haraka, omba kwa upole lakini usiache kuomba.

Umbali wa lenzi na jicho nao una mchango wake. Kwa kawaida lenzi hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na kadiri inavyosogea mbele ndivyo upindaji wa taswira unavyoongezeka. Kwa jasho la pwani yetu miwani huteleza puani mchana kutwa, kwa hiyo vipira vya pua vilivyorekebishwa vizuri si urembo. Vilevile fremu zilizopinda kuufuata uso, zile za mtindo wa waendesha baiskeli wa mashindano, hazifai kwa silinda kubwa isipokuwa lenzi zimekokotolewa maalumu kwa umbo hilo.

Wiki mbili zikipita na sakafu bado imeinuka, au ukianguka hata mara moja, rudi kwa aliyekupima. Usiendelee kujilazimisha.

Dalili: herufi zina kivuli, na ukungu hauishi

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi ya utengenezaji, na ndipo ninapomwomba msomaji awe mvumilivu, kwa sababu visababishi ni vingi na kila kimoja kina dawa yake.

Anza na fremu. Weka miwani juu ya meza iliyonyooka, mikono ikiwa imefunguliwa, uone kama yote miwili inaigusa meza. Kisha ivae mbele ya kioo uone kama ukingo wa juu umelingana na nyusi zote mbili. Uso wenye upana wa sentimita 14 hivi ukibeba fremu ambayo ncha yake moja imeshuka milimita 5 kuliko nyingine, mihimili ya lenzi zote mbili imegeuka karibu digrii 2. Kwa mwenye silinda ndogo hilo ni jambo la sura tu. Kwa mwenye silinda kubwa ni ukungu. Kurekebisha mikono ni kazi ya dakika chache, lakini tafadhali usiipashe fremu moto kwenye jiko la mkaa wala kuikunja kwa koleo, kwani plastiki huungua na tabaka la juu la lenzi hupasuka nyufa ndogo ambazo hazitengenezeki.

Kisababishi cha pili ninakijua kwa macho yangu mwenyewe. Mimi huvaa silinda ya 3.75, na ujana wangu nilinunua katika duka moja fremu ya duara kwa sababu ilinipendeza. Kwa mwezi mzima niliona vizuri asubuhi na vibaya jioni, nikadhani ni uchovu. Kumbe skrubu ilikuwa imelegea, na kila nilipofuta lenzi kwa kuizungusha, lenzi ilizunguka ndani ya fremu. Lenzi ya pembe nne au ya umbo la yai haiwezi kuzunguka hata skrubu ikilegea, kwa kuwa umbo lenyewe huizuia, lakini ya duara haina kizuizi chochote. Tangu hapo simshauri mtu yeyote mwenye silinda kubwa achukue fremu ya duara kamili, na anayeisisitiza humwekea alama ndogo ya kalamu kwenye ukingo wa lenzi na wa fremu ili aweze kuona mwenyewe zinapoachana.

Ili upate kuelewa kwa nini digrii chache zinapiganiwa hivi, tazama hesabu. Silinda ya 4.00 ikikosewa mhimili kwa digrii 5, jicho linabaki na silinda ya karibu 0.70 isiyorekebishwa, na kosa la digrii 10 linaacha karibu 1.40. Kosa likifika digrii 30, linaacha silinda yote ya 4.00, kana kwamba haikurekebishwa kabisa, ila sasa imeelekea kwingine. Kosa hilohilo la digrii 5 kwa mwenye silinda ya 0.75 huacha kama 0.13 tu, ambayo hataitambua. Ndiyo maana viwango vya utengenezaji huruhusu lenzi zenye silinda inayozidi 1.50 zikosee digrii 2 tu kila upande.

Unaweza kuangalia mhimili kwa njia nyepesi kabla ya kurudi dukani. Shika miwani mbele yako, mkono ukiwa umenyooka na fremu ikiwa imelala sawa, utazame ukingo wima wa mlango kupitia katikati ya lenzi. Ikiwa mhimili ulioandikwa ni 90 au 180, sehemu ya mlango inayoonekana ndani ya lenzi haipaswi kuinama ikilinganishwa na ile iliyo juu na chini ya lenzi. Ikiinama, lenzi imegeuka. Ikiwa mhimili wako ni wa mshazari, mlango utainama tu, na kipimo hiki kitakufaa ikiwa una miwani nyingine ya namba hizohizo iliyokuwa ikikufaa, ili ulinganishe kiasi cha kuinama. Uthibitisho kamili hutolewa na lensomita, mashine ya kusomea lenzi, ambayo duka lolote makini linayo, nawe una haki ya kuomba lenzi zako zisomwe mbele yako na namba zilinganishwe na karatasi.

Karatasi yenyewe nayo hukosea, au hukosewa kusomwa. Mtu akiandika mhimili wa digrii 5 kwa mkono na kuweka kile kiduara cha digrii juu yake, msomaji mwenye haraka huona 50. Wapimaji waangalifu huandika 005, au huacha kiduara kabisa. Kosa jingine linatokana na alama za kujumlisha na kutoa. Namba ya −1.50, silinda −4.00, mhimili 175 ni sawasawa na namba ya −5.50, silinda +4.00, mhimili 85. Ni lenzi ileile iliyoandikwa kwa mitindo miwili, kwani unajumlisha SPH na CYL kupata SPH mpya, unageuza alama ya silinda, kisha unahamisha mhimili kwa digrii 90. Wapo wagonjwa waliokwenda kupimwa mahali pawili, wakapata karatasi zenye namba zisizofanana, wakakata tamaa kwa kudhani mmoja wa wapimaji ni mwongo, kumbe wote walikuwa wakweli. Hatari ipo pale anayenakili anapochukua nusu ya mtindo mmoja na nusu ya mwingine. Kwa hiyo usinakili kwa mkono: piga picha ya karatasi nzima, uitume hivyohivyo.

Kisababishi kinachonisikitisha zaidi ni silinda kupunguzwa kimyakimya. Lenzi zinazokaa dukani zikiwa tayari kwa kawaida huishia silinda ya 2.00 hivi, na zinazozidi hapo mara nyingi huagizwa, nyingi Dar es Salaam, zikasagwe kwa namba ya mteja. Muuzaji asiyetaka kungoja anaweza kuchukua −1.50 yenye silinda −4.00 akaifanya −2.50 yenye silinda −2.00, kwa sababu wastani wa nguvu ni uleule. Hesabu hiyo ni halali mpimaji anapoifanya kwa makusudi ili kumzoesha mtu, kama nilivyosema juu, lakini si halali inapofanywa kwa sababu ya uhaba wa bidhaa na mteja asiambiwe. Ukiahidiwa lenzi ya silinda ya 4.00 kwa saa moja, uliza kama ni ya namba yako kamili, na uombe isomwe kwenye lensomita kabla hujalipa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, limebaki moja: kipimo chenyewe. Rudi upimwe tena, ikiwezekana asubuhi, bila kuwa umetoka kuusugua usingizi machoni. Mtu akipimwa mara mbili kwa uangalifu na bado haoni vizuri kwa lenzi yoyote, kazi ya miwani imefikia ukomo, na inabidi daktari wa macho aitazame konea na sehemu ya nyuma ya jicho.

Dalili: katikati kuko safi, pembeni kuna ukungu na rangi

Fundi cherehani wa Barabara ya 12 alinieleza kwamba uzi mweupe ukiwa mbele ya pua yake huuona vizuri, lakini akigeuza macho kushoto huona ukingo wa buluu na wa njano. Huo ni mtawanyiko wa rangi, na hutegemea malighafi ambayo lenzi imetengenezwa kwayo. Ubora wake hupimwa kwa namba ya Abbe, ambapo kubwa ni nzuri. Plastiki ya kawaida yenye indeksi (kipimo cha jinsi malighafi inavyopinda mwanga; ikiwa kubwa, lenzi huwa nyembamba zaidi) ya 1.50 ina namba ya karibu 58, ile ya indeksi 1.60 iko karibu 41, ya 1.67 karibu 32, na polikaboneti, ambayo ni plastiki ngumu, karibu 30. Mwenye silinda ndogo haoni tofauti, ila kadiri nguvu inavyopanda ndivyo pembeni panavyochafuka.

Hata hivyo, malighafi ya lenzi si mtuhumiwa wa kwanza. Mara nyingi zaidi kosa ni kitovu cha lenzi kutokaa mbele ya mboni, ama kwa sababu umbali kati ya mboni mbili, unaoandikwa PD, haukupimwa, ama kwa sababu fremu ni kubwa kupita kiasi. Mvaaji anayetazama milimita 5 nje ya kitovu katika mwelekeo wenye nguvu ya 4.00 huvutwa taswira kwa prizimu (kipimo cha kiasi ambacho lenzi huisogeza taswira) ya 2, na ikiwa mvuto huo ni wa juu au chini kwa jicho moja tu, kichwa kitauma kabla ya adhuhuri. Hakikisha PD yako imepimwa kwa kila jicho peke yake, kwa sababu pua za watu wengi haziko katikati kamili.

Kuhusu chaguo la malighafi, mimi hushauri hivi: kama jumla ya nguvu katika mwelekeo wenye nguvu zaidi haizidi 4.00, indeksi ya 1.60 katika fremu ndogo inatosha, na utaona safi kuliko kwa 1.67. Zaidi ya hapo unene huanza kudai 1.67, na 1.74 ni kwa wenye namba kubwa sana. Watoto, waendesha bodaboda na mtu mwenye jicho moja tu linaloona wavae polikaboneti hata kama pembeni si pasafi, kwa kuwa haivunjiki ovyo, na jicho ni bora kuliko rangi za pembeni.

Dalili: lenzi ni nene upande mmoja na nzito

Unene wa lenzi ya silinda hauko sawa pande zote. Kwa silinda ya kutoa yenye mhimili karibu na 180, nguvu iko wima, hivyo unene hukaa juu na chini. Chagua fremu yenye kimo kifupi. Mhimili ukiwa karibu na 90, unene hukaa upande wa pua na wa sikio. Chagua fremu isiyo pana, ambayo mboni zako zinakaa karibu na katikati ya kila tundu. Kujua jambo hili moja kabla ya kuchagua fremu huokoa fedha nyingi kuliko kupanda daraja la indeksi, na mtu anayekwenda dukani bila kujua mhimili wake huchagua kwa kubahatisha. Fremu zenye uzi wa nailoni au zisizo na ukingo huuweka unene wazi, kwa hiyo ukingo mzima wa plastiki ndio unaoficha vizuri.

Dalili: mbali naona, kusoma ndiko kunakosumbua

Kama una miaka 40 au zaidi, sababu ya kawaida ni umri: jicho limepoteza uwezo wa kujirekebisha kwa karibu, nawe unahitaji nguvu ya ziada iandikwayo ADD. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani haitakusaidia, kwa kuwa haina silinda kabisa, na mwalimu wa madrasa anayejaribu kusoma msahafu kwa miwani hiyo huishia kuumwa kichwa. Lenzi za progresivu, ambazo nguvu yake hubadilika taratibu kutoka ya mbali juu hadi ya kusomea chini, zina maeneo ya ukungu pembeni chini, na silinda kubwa ya mshazari huyaongeza. Mimi humshauri mwenye silinda inayozidi 3.00 ajaribu kwanza bifokali, yaani lenzi yenye sehemu mbili zilizotengana, ya mbali na ya kusomea, au jozi mbili tofauti, moja ya mbali na moja ya kusomea.

Dalili: mng'ao mkali usiku, lenzi zinazofifia

Lenzi za indeksi kubwa hurudisha mwanga zaidi: ya 1.50 hurudisha karibu asilimia 4 kila uso, ya 1.67 zaidi ya asilimia 6. Kwa hiyo tabaka la kuzuia mng'ao ni la lazima kwenye indeksi kubwa. Tabaka hilo huharibiwa na joto la gari lililoegeshwa juani na kwa kufutwa kavu kwa upindo wa kanga ulioshika vumbi na chumvi ya bahari. Ioshe kwa maji baridi na tone la sabuni, kisha ndipo uifute. Mng'ao usioisha hata lenzi zikiwa mpya na safi unaweza kuwa mtoto wa jicho, nao huhitaji daktari.

Dalili: namba hazitulii

Silinda ya mtu mzima haipaswi kuruka kila miezi michache. Ikiruka, kubadilisha lenzi tena na tena ni kuficha ugonjwa, nami huikataa kazi hiyo hata mteja akiwa na fedha mkononi.

Kwa watu wetu wa pwani, jambo la kutazama mwanzo ni kinyama cha jicho, ule utando wenye mishipa unaoota kutoka upande wa pua kuelekea kwenye konea. Jua, upepo na chumvi huuchochea, na wavuvi wanaoshusha samaki katika soko la Deep Sea hapa Tanga wanaufahamu vyema. Unapoingia kwenye konea huibadilisha umbo na kuzalisha silinda. Ukiondolewa kwa upasuaji silinda hubadilika, hivyo usinunue lenzi za gharama kabla daktari hajaamua.

Kisukari kisichodhibitiwa nacho hubadilisha namba kwa sababu lenzi ya ndani ya jicho huathiriwa na sukari. Mtu akipimwa macho sukari ikiwa juu, miwani yake haitamfaa sukari ikishuka. Tuliza sukari kwa wiki kadhaa kwanza. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho vilevile angoje hadi daktari aseme jicho limetulia.

Ninalolihofia zaidi ni keratokonasi, ambapo konea hupungua unene na kuchomoza kama koni. Huanza aghalabu katika ujana, na huwapata sana vijana wenye mzio wanaosugua macho kwa nguvu kila siku. Dalili zake ni silinda inayopanda kwa kasi, mhimili unaohama, herufi zenye vivuli vingi ambavyo hakuna lenzi inayoviondoa, na jicho moja kuharibika haraka kuliko jingine. Kijana wa namna hiyo asiuziwe jozi ya tatu. Apelekwe hospitali yenye vifaa vya kupima umbo la konea, kama vile CCBRT au Muhimbili jijini Dar es Salaam, au KCMC mjini Moshi, kwa sababu ipo tiba ya kuikaza konea ili isiendelee kuchomoza, nayo hufaa zaidi ikiwahiwa. Asisugue macho, na asitumie kiholela matone ya dukani yenye steroidi kutuliza mwasho, kwani yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuleta glakoma, yaani presha ya jicho. Konea ikigeuka nyeupe ghafla kwa maumivu, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

Mtoto mwenye silinda kubwa asingojeshwe akue. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lililopokea taswira yenye ukungu hadi umri wa miaka 7 au 8 huweza kubaki vivu hata likipewa lenzi sahihi baadaye. Mpeleke akapimwe kwa dawa ya matone inayolegeza jicho, avae namba yake kamili kutwa nzima, na miwani yake ikaguliwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu fremu ya mtoto anayecheza mpira hupinda kila wiki na mhimili hugeuka nayo.

Unapokwenda kwa daktari kwa tatizo lolote kati ya haya, beba miwani yako yote ya zamani, hata iliyovunjika, pamoja na kila karatasi ya vipimo uliyonayo. Lensomita itasoma namba za miaka iliyopita kutoka kwenye lenzi hizo, na daktari ataona kwa dakika moja kama mhimili ulikaa palepale au umekuwa ukihama.